Rekodini kanda nzima, na mkimaliza msizitupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na watu wenye kanda za zamani majumbani, maana kuna jambo linaendelea huku kwetu Tanga na nadhani na miji mingine ni hivyohivyo, na lisiposemwa sasa hivi tutakuja kulia wakati hakuna tena cha kufanya.

Siku hizi kuna vibanda vinahamisha miziki kutoka kwenye kaseti kuweka kwenye flashi au memori kadi. Unapeleka mfuko wako wa kanda, unarudi baada ya siku mbili tatu unapewa flashi, nyimbo zimepangwa vizuri kila moja na namba yake, na mtu anafurahi kweli kwa sababu bendi na vikundi vya zamani, Mlimani Park, Msondo, Atomic Jazz, Black Star, vyote vinalia kwenye simu na kwenye gari. Vijana wale siwalaumu, wanatafuta riziki na wanatusaidia. Kinachoniumiza ni kwamba wanachukua nyimbo peke yake, kila kilichopo kati ya wimbo na wimbo wanakikata wanakitupa, alafu mwenye kanda akishaishika flashi mkononi anaona kazi imeisha, zile kanda zinaenda jalalani au anaziacha hukohuko kibandani. Nimeona kwa macho yangu boksi zima la kaseti limewekwa nje pamoja na takataka, na juu ya makava kuna mwandiko wa mtu aliyekaa akaandika kwa biki jina la bendi, majina ya nyimbo na tarehe.

Vijana wengi hawaelewi kwanini kanda ya nyumbani ni kitu kikubwa, na sio kosa lao, hawakuwepo. Tanzania bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, wenzetu Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 70 lakini huku bara ilikuwa redio, na redio yenyewe ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilikuwa zinaingia studio za RTD zinarekodi, ile kanda kubwa ya rili inabaki kituoni, wimbo unapigwa hewani nchi nzima inaujua lakini dukani haupo. Sahani za santuri zilikuwa zinatengenezwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977 ukaja kufunguliwa 1983, kwahiyo hata hiyo njia ikawa ngumu. Sasa mtu anaupataje wimbo? Anauvizia. Kaseti imo ndani, kidole kiko juu ya vitufe viwili, mtangazaji anasoma salamu za wasikilizaji, fulani bin fulani wa Korogwe anawasalimia wajomba zake wote, akishataja tu jina la bendi mtu anabonyeza. Ndo maana kanda nyingi za nyumbani zina mtangazaji mwanzoni na mtangazaji mwishoni, na wakati mwingine kipande cha taarifa ya habari au bei ya mazao.

Hicho kipande ndicho kinachokatwa leo na mtu anasema "hizi ni kelele tu".

Mi nasema sio kelele hata kidogo. Ile sauti ya mtangazaji ndio inakwambia wimbo ulipigwa lini, wakati bendi inaitwa jina gani, nani kaimba, nani katunga. Chukulia NUTA Jazz, ikaja kuwa Juwata, ikaja OTTU, ikaja Msondo Ngoma, bendi ni ileile lakini jina lililotamkwa redioni linakuonyesha uko kwenye miaka ipi. Ukishakata maneno ukaandika tu "Msondo 07" umeondoa ushahidi wote na hakuna atakayekuja kuurudisha, maana waliokuwa wanajua wanaondoka. Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa Januari 1979. Hemed Maneti wa Vijana Jazz 1990. Marijani Rajab 1995. Patrick Balisidya wa Afro 70 mwaka 2004, mzee Gurumo 2014, bibi yetu Shakila aliyetoka na Black Star hapahapa Tanga akatutoka 2016. Huwezi kwenda kumuuliza yeyote kati ya hao kwamba mzee hii sauti ya pili ni ya nani.

Watu wananiambia mbona kanda za RTD zipo, TBC wamezirithi. Ni kweli na ni hazina kubwa, Mungu awape nguvu ya kuzitunza. Ila studio ilirekodi kile kilichopigwa studio. Haikurekodi usiku wa dansi ukumbini, haikurekodi harusi ya Chumbageni wala ya Pangani. Hivyo vilirekodiwa na mtu aliyeweka redio kaseti yake chini ya spika akabonyeza akaenda kucheza. Na wimbo wa ukumbini sio ule wa santuri. Santuri ndogo upande mmoja ni kama dakika tatu, nne, ndo maana nyimbo za dansi zilikuwa zinakatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, unageuza sahani. Ukumbini hakuna wa kukukata, gitaa la solo likikolea linakwenda, wapulizaji wanapokezana, kiitikio kinarudi na kurudi. Kwenye taarab ndo zaidi, mwimbaji anaona akina mama wamesimama wanakuja kutunza basi anaurudia ubeti uleule mpaka wa mwisho katunza, na mara nyingine ubeti mwingine unaongezwa palepale kwa ajili ya bibi harusi au kwa ajili ya mtu fulani pale ukumbini ambaye ujumbe wake kaupata. Katikati hapo unasikia mtu kashika maiki anataja mtungaji wa shairi, anataja mpiga fidla, anataja kamati ya harusi. Kwa nyimbo nyingi hiyo ndio karatasi pekee iliyopo ya nani alitunga nini. Na Mombasa ni hivyohivyo, kule maduka kama Mbwana Radio Service yalitoa kanda nyingi sana za taarab na zikavuka mpaka zikafika hadi kwetu, nazo zinahitaji huruma hiyohiyo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani mtanielewa haraka. Zamani simu ya nje ilikuwa ghali na barua inachukua wiki, basi ndugu zetu walioko Muscat na Dubai walikuwa wanatuma maneno kwenye kaseti. Mtu anakaa anaongea upande mzima, anawasalimia wote kwa majina, anaeleza kazi, anauliza habari za shamba, na huku nyumbani wanakusanyika wanasikiliza alafu wanamjibu kwenye upande wa pili. Na kwa kuwa kanda tupu ilikuwa kitu cha thamani, unakuta upande A ni taarab na upande B ni barua, au barua imerekodiwa mwishoni baada ya nyimbo. Mi mwenyewe kwenye kanda imeandikwa nje "Lucky Star", jina la kikundi cha taarab, nilimkuta marehemu shangazi yangu anamsalimia kaka yake aliyekuwa Oman, anamwambia mnazi wa uani umeanguka ila haukuumiza mtu. Picha yake ninayo moja tu, sauti yake sikuwa nayo kabisa mpaka siku ile. Kanda hiyo ingepita kibandani kwa staili ya kuchukua nyimbo tu, shangazi yangu angekatwa na wala nisingejua kama amekatwa.

Sasa kwanini nasema haraka. UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, waliwahi kutoa tahadhari kwa dunia nzima kuhusu mikanda ya sumaku, na mwaka waliokuwa wanautaja kama mwisho wa kupata nafasi nzuri ni 2025. Na shida waliyoiona wao sio mkanda peke yake. Mkanda uliotunzwa vizuri unaweza kukaa miaka mingi. Shida ni mashine, spea za mashine na mafundi wanaozijua, hivyo vyote vinaisha. Hapa mjini tuna ushahidi, fundi wa zamani aliyekuwa anaweza kufungua deki ya kaseti na kuirudisha ikiwa na sauti nzuri kuliko ilivyokuja, ukimpata leo ni mzee, na vijana wake wanatengeneza simu.

Kwa hiyo kwa anayetaka kufanya mwenyewe nyumbani naomba nieleze kwa kirefu kidogo, maana haihitaji pesa nyingi kama watu wanavyodhani na mtu akiifanya taratibu anaifanya vizuri kuliko kibanda.

Kwanza mashine. Kuna vile vidude vipya vya plastiki vya kuchomeka USB moja kwa moja kwenye kompyuta, vinauzwa bei rahisi, mi ushauri wangu viache. Mtambo wake ndani ni hafifu, sauti inayumba, gitaa linakuwa kama limelewa. Bora utafute deki ya zamani ya mezani au redio kaseti nzuri ya miaka ya 80 au 90, Sony, Technics, Panasonic, National, JVC, yoyote iliyokuwa imara, umpe fundi abadilishe beliti kwa sababu raba ikikaa miaka mingi inalegea au inayeyuka inakuwa kama lami. Alafu safisha hedi, kile kichuma kinachosoma mkanda, na kile kiraba cheusi kinachobana mkanda. Tumia pamba ya vijiti na alkoholi safi ile inayoitwa isopropili, wauza vifaa vya umeme wanayo na famasi nyingine wanayo, usitumie spiriti ya rangi wala mafuta. Ile pamba ikitoka na rangi ya kahawia usishtuke, hiyo ni unga wa kanda za watu wote waliopita hapo. Safisha tena baada ya kila kanda chache.

Kanda nayo iangalie kabla haijaingia. Ina kidirisha, tazama ule mzigo wa mkanda, ukiona vumbi jeupe au madoa kama unga hiyo ni ukungu, na kwa hewa yetu ya pwani ukungu ni adui mkubwa. Usiipige. Ukiipiga ukungu unabaki kwenye mashine unahamia kwenye kanda nyingine zote. Itenge, iweke mahali pakavu penye hewa, iende ikasafishwe na mtu anayejua, na ukiishika funika pua. Angalia na kile kipande kidogo cha sponji mbele katikati kinachosukuma mkanda kwenye hedi, kwenye kanda za zamani gundi yake inakauka kinadondoka na sauti inakuwa ya kufifia, watu wanasema kanda imekufa kumbe ni sponji tu, unachukua ya kaseti nyingine mbovu unabandika. Mkanda ukiwa umekatika usiunge kwa selotepu ya kawaida, gundi yake inavuja inashika mizunguko ya jirani, kuna tepu maalumu ya kuungia. Kama kaseti ina skrubu unaweza kuifungua ukauhamishia mkanda kwenye kasha lingine zima. Na kabla ya yote, vunja vile vijimeno viwili vya nyuma ili hata ukikosea kitufe isirekodi juu yake.

Kanda ambayo haijapigwa siku nyingi ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe, ndo uanze, maana inakuwa imejibana. Isipokuwa zile za dakika 120, hizo mkanda wake ni mwembamba kama nusu ya zile za 60, zinaliwa na mashine kirahisi mno, hizo zipige taratibu tu na usizirushe mbele na nyuma.

Kuna skrubu moja ndogo pembeni ya hedi ambayo watu hawaijui na ndiyo inayofanya kanda nyingi zisikike kama mtu kaweka mto juu ya spika. Inarekebisha jinsi hedi inavyokaa sawa na mkanda. Kila redio iliyorekodi ilikuwa na ulalo wake, kwahiyo kanda iliyorekodiwa kwenye redio ya mjomba Muheza haikai sawa kwenye deki yako. Weka alama mahali skrubu ilipokuwa, alafu kanda ikiwa inalia izungushe kidogo sana kwa bisibisi ndogo, sikiliza kayamba au matoazi au herufi ya "s" kwenye maneno ya mwimbaji, itafika mahali sauti inafunguka. Hapo ndipo. Hakuna programu ya kompyuta itakayokupa hicho kitu baadaye kama hukukirekodi, ndo maana nimekaa hapa muda mrefu.

Kitufe cha Dolby kiache kimezimwa kama kanda ilirekodiwa kwenye redio ya kawaida. Wengi wanakibonyeza kwa sababu mchakacho unapungua, ila na sauti yote ya juu inaondoka nao.

Kuingiza kwenye kompyuta unahitaji waya kutoka tundu la kutolea sauti la deki, lile la jeki nyekundu na nyeupe, au kutoka tundu la hedifoni kama ni redio kaseti. Laptopu nyingi tundu lake ni la maiki, linapokea upande mmoja tu wa sauti na linaikuza mpaka inapasuka, kwahiyo nunua kile kikadi cha sauti cha kuchomeka USB chenye mlango wa kuingizia sauti pande mbili. Programu ipo ya bure inaitwa Audacity, ni ya tangu 2000 na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya kizamani. Sauti usiipandishe mpaka vile vimstari viguse juu, acha nafasi, ikishapasuka kwenye kurekodi haitengenezeki tena, ila ikiwa ndogo unaweza kuikuza baadaye. Alafu bonyeza rekodi ndo ubonyeze pleyi ya deki, kwa mpangilio huo, na usiguse kitu mpaka upande uishe wenyewe, hata ukisikia kimya katikati. Kimya hicho ndipo wanapojificha akina shangazi. Kanda ya 90 ni dakika 45 kila upande, hakuna njia ya mkato, kompyuta inasubiri na wewe unasubiri, tena ukae uisikilize kwa sababu mashine ikianza kula mkanda unatakiwa uwe karibu.

Hifadhi kwanza kama WAV, sio MP3. MP3 inapunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti na ikishatupwa haipatikani tena, ni ya kusikilizia kwenye simu sio ya kutunzia. Kwa kipimo cha CD, yaani 44,100 na biti 16, dakika moja ni kama MB 10, kwahiyo kanda nzima ya dakika 90 haifiki GB 1. Watu wa hifadhi wanashauri 48,000 na biti 24, hapo saa moja ndo inafika kama GB 1. Zamani ilikuwa kitu kikubwa hicho, leo hadi diski moja ya nje inabeba mamia ya kanda. Kama nafasi ni shida geuza kuwa FLAC, inapungua karibu nusu na haipotezi kitu. Na weka sehemu mbili, moja kwako moja kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine, kwasababu flashi moja inaibiwa, inaingia maji, inakufa bila kuaga.

Hilo faili la kwanza usiliguse. Unataka kukata nyimbo, kata, ila kata kwenye nakala. Unataka kusafisha mchakacho, safisha kwenye nakala na usafishe kidogo, kwasababu ile kazi ya kuondoa mchakacho ikizidi inakula ganuni, inakula udi, mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya mtungi. Mchakacho kidogo na ganuni nzima ni bora mara mia. Jambo lingine hapa ni mwendo. Kanda nyingi zilirekodiwa kwa betri zilizochoka, mashine ilikuwa inakwenda polepole wakati wa kurekodi, sasa ukiipiga leo kwenye deki inayokwenda sawasawa wimbo unakimbia na mwanaume anaimba kama kijana aliyekuwa hajabalehe. Vibandani hawahangaiki na hilo. Kwenye Audacity kuna sehemu ya kubadilisha mwendo, tafuta nakala nyingine ya wimbo huohuo uliyo na uhakika nayo ufananishe, ila tena nasema, kwenye nakala.

Majina nayo. Usiandike "wimbo 1". Andika kila kilichoandikwa kwenye kava na kwenye lebo kama kilivyo hata kama kimekosewa, piga picha kava kwa simu uiweke folda moja na faili. Alafu fanya jambo hili, mchukue mzee mmoja wa enzi hizo, mwekee, msikilize naye, na uandike anachosema au umrekodi na yeye. Atakwambia huyu ni fulani, hii ilikuwa harusi ya nani, hapa umeme ulikatika. Mimi nimefanya hivyo na wazee wangu hapa Ngamiani na kila mara linatoka jambo ambalo halimo kwenye gazeti wala kitabu chochote.

Baada ya hapo kanda msitupe. Naomba sana. Leo unaweza kuwa umerekodi kwa deki ya wastani, kesho mwanao akapata mashine bora akarekodi tena akapata sauti nzuri kuliko wewe, ila awe na kanda. Ziweke wima ndani ya kava zake, mbali na spika kubwa maana zina sumaku, mbali na dirisha lenye jua, sio juu ya kabati chini ya bati, sio sakafuni.

Na nyie vijana wa vibanda mnisikilize kwa mapenzi. Hamna haja ya kuacha kazi, badilini tu utaratibu. Mteja akileta kanda mpeni vyote viwili, folda ya nyimbo zilizokatwa na folda ya kanda nzima pande zote mbili kama ilivyo. Tozeni zaidi kidogo, watu watalipa mkiwaeleza. Na mteja akisema kanda bakini nazo, msitupe, mwambieni azichukue au mziweke pembeni zipate mtu wa kuzitunza. Ila kuzichoma nakala za nyimbo za watu na kuziuza barabarani hilo sikubaliani nalo, sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, na familia za hao wanamuziki wengi maisha yao ni magumu. Mtu kujihamishia kanda yake asikilize nyumbani ni kitu kimoja, biashara ni kitu kingine.

Kwa wakubwa ombi langu ni dogo. Kila maktaba ya mkoa iwe na chumba kimoja chenye deki moja nzima inayofanya kazi, kompyuta moja na mtu mmoja aliyefundishwa, mwananchi aje na kanda zake, arekodi, aondoke nazo na akikubali aache nakala. Sio mradi wa mabilioni. Hapa Tanga tuna jengo la maktaba na tuna makumbusho ya Urithi kwenye lile boma la Wajerumani, mji huu ndio uliozaa Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star na Lucky Star, na bado mgeni akija akauliza nikasikilize wapi tunamwonyesha simu. TBC nao nawaomba watengeneze njia ya kupokea kutoka kwa wananchi, kwasababu inawezekana kabisa kipindi ambacho kwao kilifutwa ili kanda itumike tena kipo kwenye sanduku la mtu Handeni.

Na wewe Mhariri nakuomba ukiona inafaa uwaulize wasomaji, mwenye kanda za harusi au za dansi za mikoa ya Tanga na Pwani za miaka ya 70 na 80 aandike kwenye gazeti lako aseme tu anazo nini na za wapi, hata kama hataki kuzitoa. Tukijua zipo wapi wenye mashine tutazifuata zilipo, mimi deki yangu iko tayari na nipo tayari kwenda mpaka Lushoto na Pangani kwa nauli yangu, narekodi hapohapo mbele ya mwenye kanda, naacha kanda mkononi mwake.

Msomaji wako,
Mpenzi wa Kanda,
Ngamiani, Tanga